Takwimu za wanafunzi wa cheti cha kompyuta Mtwara: fomu ipangweje?

Mratibu_Shangani:
Wakuu, habari za kazi. Tunaandaa fomu ya taarifa za wanafunzi wa mwaka wa kwanza, mifumo ya kompyuta, NTA ngazi ya 4 (cheti cha awali cha ufundi), Mtwara mjini. Tunataka umri, jinsia, wanakotoka na sifa za kuingilia. Shida ni kwamba orodha ya udahili, ya ada na ya mtihani kila moja ina idadi yake. Tushike ipi?

Fundi_Takwimu:
Shika zote, kila moja kwa jina lake: walioomba, waliodahiliwa, waliosajiliwa, waliofanya mtihani wa muhula. Mwanafunzi mmoja mstari mmoja, hatua nne safu nne, jaza 1 au 0. Hapo utaona wanapungukia wapi. Kwa kusini usifunge hesabu Oktoba: mzazi anayesubiri mnada wa korosho hulipa ada pesa ikishaingia, na mwanaye husajiliwa kwa kuchelewa. Hesabu tena Januari.

Umri usiuulize, uliza tarehe ya kuzaliwa. Kisha kwenye Excel andika =DATEDIF(C2,DATE(2025,10,1),"Y"), C2 ikiwa kisanduku chenye tarehe ya kuzaliwa; umri wote uhesabiwe hadi tarehe moja kwa darasa zima. Angalia mpangilio wa Excel: ukiwa wa Kimarekani, 05/03/2006 inasomwa Mei 3, na 23/03/2006 inabaki maandishi, fomula inagoma. Dawa yake ni safu tatu, siku, mwezi na mwaka, halafu uziunganishe kwa DATE.

Binti_wa_Newala:
Naongezea kwenye wilaya, maana hapo ndipo fomu nyingi huharibika. "Masasi" peke yake haitoshi: kuna Halmashauri ya Mji na ya Wilaya. Newala vilevile. Mkoa wa Mtwara una halmashauri 9. Weka orodha ya kuchagua, usiache mtu aandike mwenyewe. Uliza pia alikomalizia kidato cha nne, kwani aliyezaliwa Tandahimba huenda amesoma Dar.

Andika mwaka wa kumaliza kidato cha nne na kama alirudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Wa miaka 18 aliyemaliza juzi na wa 26 aliyemaliza zamani wote wana D nne, lakini mahitaji yao si mamoja. Na uliza kama ana kompyuta mpakato yake au anategemea maabara tu. Jibu hilo ndilo linalopanga saa za maabara jioni.

Mratibu_Shangani:
Asanteni sana. Wasichana ni wachache, mkuu wa idara anataka asilimia.

Fundi_Takwimu:
Mpe idadi kwanza. Mfano, 4 kati ya 22 ni asilimia 18. Akiacha mmoja, wanabaki 3 kati ya 21, asilimia 14. Ukiandika asilimia tupu, mtu atadhani kuna janga. Linganisha wasichana walioomba na waliosajiliwa: wakipungua hapo, chunguza ada na hosteli kabla ya kulaumu masomo ya hesabu na fizikia.

Binti_wa_Newala:
Majina yaondoe kabla ya kutuma, weka namba. Kundi likiwa na mtu mmoja au wawili, liunganishe na jingine, maana darasa dogo hutambulika hata bila jina. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu vyuo pia, kwa hiyo fomu ieleze juu kabisa taarifa zinakusanywa kwa kazi gani.