Nyumba ya Rembrandt Amsterdam, inafaa kuingia kama picha zake kubwa haziko pale?

mwalimu_wa_rangi:
Wakuu habari zenu. Nakuja Uholanzi kwa semina na nitapata siku moja tu huru Amsterdam. Nafundisha sanaa sekondari, Rembrandt, yule mchoraji Mholanzi wa karne ya 17, namfundisha kwa picha za vitabuni ambazo hata rangi hazionekani vizuri. Nimesikia kuna makumbusho kwenye nyumba aliyokuwa anaishi na kuchora, mtaa wa Jodenbreestraat, ila jamaa yangu wa huko ananiambia nisipoteze hela, eti ni fanicha za zamani tu, picha zenyewe ziko Rijksmuseum, makumbusho ya taifa pale pale Amsterdam. Aliyewahi kuingia anipe mwanga, kuna cha kumsaidia mwalimu pale?

dada_wa_mfereji:
Karibu sana mwalimu. Kuhusu picha ni kweli, Walinzi wa Usiku ya 1642 iko Rijksmuseum na lazima uione. Lakini wewe anzia nyumbani kwake. Aliinunua 1639 kwa gilda 13,000, hela nyingi mno enzi zile, deni likamwandama mpaka 1656 akafilisika, na waliokuja kuorodhesha mali zake ili zipigwe mnada walipita chumba kwa chumba wakaandika kila kitu, picha, masanamu, silaha, magamba ya baharini, mpaka vitanda. Orodha hiyo ipo hadi leo na ndiyo iliyotumika kupanga vyumba upya. Kwa hiyo vitu vingi si vyake mwenyewe, ni vya zama zake, ila mpangilio umetoka kwenye karatasi za kufilisika kwake. Mimi huwa inaniuma sana, kwamba bila lile deni tusingejua aliishi vipi mle ndani. Panda mpaka studio, madirisha yanatazama kaskazini kwa hiyo jua halikupigi moja kwa moja, mwanga unatulia. Pale wanasaga rangi mbele yako, unga wa rangi na mafuta ya kitani juu ya jiwe, wanafunzi wako hawajawahi kufikiria kwamba rangi ilikuwa inapikwa nyumbani.

mchapaji254:
Mwalimu usitoke bila kuona wanavyochapa echingi, yaani picha zinazochapwa kwa bamba lililoliwa na asidi, kwangu mimi hapo ndipo penyewe. Bamba la shaba linapakwa nta, unachora kwa sindano, asidi inakula pale tu nta ilipokwanguka, halafu unapaka wino unaufuta ubaki kwenye mifereji, unaweka karatasi mbichi iliyoloweshwa na kupitisha kwenye mashine ya mbao. Rembrandt alitengeneza kama 290 hivi na makumbusho yanazo karibu zote, ila wanaonyesha kwa zamu maana karatasi inaharibiwa na mwanga. Ukibahatika uone ile ya gamba la konokono wa baharini ya 1650. Mzunguko wa gamba umegeuka upande usio wake kwa sababu uchapaji unageuza picha, lakini sahihi yake imetoka sawasawa, ina maana jina alilichora kinyumenyume kwenye bamba na gamba akaliacha. Somo zima la uchapaji liko pale.

Mpwani_Den Haag:
Naongezea kidogo. Mtaa ule ule karne ya 17 walikuwa wanaishi Waafrika, na mwaka 2020 makumbusho hayo yaliwafanyia maonyesho maalumu. Picha yake ya wanaume wawili Waafrika ya 1661 iko makumbusho ya Mauritshuis huku Den Haag, ukipata upenyo panda treni, siyo mbali.

mwalimu_wa_rangi:
Asanteni mno ndugu zangu, asubuhi naanzia nyumbani kwake. @mchapaji254 shuleni hatuna asidi wala mashine, kuna namna vijana wakajaribu?

mchapaji254:
Ipo mwalimu. Chukua boksi la maziwa au juisi, lile linalong'aa ndani, lioshe likauke, wachore kwa msumari upande unaong'aa. Wino mzito, futa kwa kitambaa, karatasi iloweshwe kidogo, halafu wasugue kwa nguvu na mgongo wa kijiko. Bamba moja linatoa nakala chache kabla halijachakaa, kwa hiyo kila mmoja awe na lake.