Naombeni ushauri: iventi ya usiku kwenye MariaDB haifanyi kazi, salio za watu hazisogei (Kigoma)

Mwana_Ujiji:
Wakuu, habari za jioni. Nasimamia kompyuta kwenye duka la jumla hapa Kigoma mjini. Tunapokea mawese ya wakulima na dagaa wa akina mama wa Kibirizi. Wengi wanachukua kidogo papo hapo, salio baadaye. Kila saa sita usiku kuna iventi (kazi inayojiendesha kwa ratiba ndani ya databesi yetu ya MariaDB) inayojumlisha stakabadhi za siku na kuandika salio la kila mtu kwenye jedwali la madeni. Asubuhi keshia anatoa orodha, watu wanalipwa.

Tangu data zihamishiwe kwenye kompyuta mpya kwa phpMyAdmin (programu ya kusimamia databesi kwenye kivinjari), jedwali limeganda. Iventi ipo, imeandikwa ENABLED. Prosija yake (amri zilizohifadhiwa kwenye databesi, ambazo iventi huziita) nikiiita mwenyewe kwa CALL inafanya kazi vizuri kabisa. Tunatumia XAMPP ya Windows, kifurushi kinachokuja na MariaDB ndani. Leo mama mmoja kasimama kaunta na stakabadhi mkononi, orodha inasema hatumdai wala hatudaiwi. Hela ni yake kabisa. Nisaidieni.

Fundi_Reli:
Pole sana mkuu. Niko Tabora, XAMPP naijua vizuri. Andika `SHOW VARIABLES LIKE 'event_scheduler';` Kwenye MariaDB hiyo huwa OFF usipoiwasha. MySQL kuanzia 8.0 ndiyo huja ikiwa ON. ENABLED inahusu iventi moja tu. Kama kipanga ratiba chenyewe kimezimwa, hakuna iventi itakayofanya kazi.

Iwashe kwa `SET GLOBAL event_scheduler = ON;`

Mwana_Ujiji:
Ahsante mkuu, kweli ilikuwa OFF. Nimewasha. Jioni umeme ukakatika, uliporudi nikakuta OFF tena. Nimewasha upya nikasubiri hadi asubuhi, jedwali bado vilevile.

Fundi_Reli:
SET GLOBAL haivuki kuzimwa kwa seva. Fungua my.ini (faili la mipangilio), chini ya `[mysqld]` ongeza `event_scheduler=ON`, kisha zima na uwashe MySQL kwenye paneli ya XAMPP (ndivyo paneli inavyoiita MariaDB). Usihangaike na SET PERSIST utakayoiona mtandaoni, hiyo ni ya MySQL, MariaDB haina.

Kama imewaka na bado hakuna kitu, soma logi (faili la makosa).

DadaKasulu:
Kaka, logi ndiyo muhimu hapo. Iventi inapofeli usiku hakuna dirisha litakalokuonyesha kosa, linaandikwa kwenye faili na kuishia humo. Kwa XAMPP nenda `C:\xampp\mysql\data`, fungua `mysql_error.log`, tafuta jina la iventi yako.

Nahisi utakuta mstari unaosema definer (yuza mwenye iventi) hayupo. Iventi hufanya kazi kwa haki za yuza aliyeiunda. Ukihamisha databesi moja kwa phpMyAdmin, iventi inakuja na jina la yule yuza, lakini yuza mwenyewe anabaki kule, kwa sababu mayuza wanakaa kwenye databesi nyingine inayoitwa `mysql`. Ndiyo maana wewe ukiita prosija kwa CALL inakubali.

Mwana_Ujiji:
Dada, umepiga palepale! Logi imejaa mstari huohuo, unamtaja yuza wa kompyuta ya zamani. Nimuunde tena?

DadaKasulu:
Unaweza, lakini mimi ningeunda yuza wa kazi hiyo tu, mwenye haki ya EVENT, haki ya EXECUTE ya kuita prosija, pamoja na haki za majedwali yanayohusika, halafu ningefuta iventi na kuiunda upya kwa jina lake. Usiipe root, yuza mwenye haki zote.

Kabla hujaifuta, angalia hapa:

`SELECT EVENT_NAME, DEFINER, TIME_ZONE, LAST_EXECUTED FROM information_schema.EVENTS;`

Faili la phpMyAdmin kwa kawaida lina `SET time_zone = "+00:00"` pale juu. Iventi hushika majira ya wakati ilipoundwa, kwa hiyo saa sita usiku yako sasa ni ya UTC (saa ya kimataifa), yaani saa tisa usiku hapa kwetu. Hata NOW() (saa ya sasa) ndani yake itarudi nyuma saa tatu. Anza na `SET time_zone = '+03:00';` ndipo uandike CREATE EVENT. Tumia namba hiyo. Jina 'Africa/Dar_es_Salaam' litakataa kama majedwali ya majira hayajajazwa.

Mwana_Ujiji:
TIME_ZONE ilikuwa +00:00 kweli. Nimeiunda upya na yuza mpya. Usiku wa kuamkia leo LAST_EXECUTED (mara ya mwisho iventi ilipofanya kazi) imejaa, saa sita kamili. Mungu awabariki.

Fundi_Reli:
Safi sana. Bado kitu kimoja mkuu. Umeme ukikatika saa sita hiyohiyo, seva ikirudi haitafidia usiku uliopita, itasubiri usiku unaofuata. Prosija yako inahesabu "jana" tu?

Mwana_Ujiji:
Ndiyo, jana tu.

Fundi_Reli:
Basi ibadilishe. Weka jedwali dogo la tarehe ya mwisho iliyofungwa, prosija ianzie hapo na kufunga kila siku iliyobaki hadi jana. Kila siku iwe ndani ya transaksheni yake (yote iandikwe au isiandikwe kabisa), na tarehe iandikwe humo humo, ili stakabadhi isihesabiwe mara mbili. Hakikisha majedwali yote ni InnoDB, aina inayokubali transaksheni. Siku zote ambazo iventi ililala zitajazwa kwa mkupuo mmoja, na yule mama atakuta salio lake.

Mwana_Ujiji:
Naanza nayo sasa hivi. Nitabandika prosija hapa muikague kabla sijaiweka kwenye data halisi.