Ukoo wa Bibi Nyamizi: Ijumaa jioni Tel Aviv, tunakula wapi?

Ijumaa, saa 7:35 mchana

Neema: Wasafiri, leo jioni tunakula wapi? Kesho usiku tunapanda ndege kwenda Addis, kwa hiyo hiki ndicho chakula chetu cha mwisho pamoja. Bufee ya hoteli sitaki kuisikia.

Kulwa: Baga

Neema: Kulwa umekula baga Yerusalemu, ukala baga Tiberia. Nimesema chakula cha hapa.

Shangazi Foibe: Shalom wapendwa. Mimi popote, mradi pasiwe na ngazi. Magoti yangu niliyaacha kwenye Njia ya Msalaba.

Baba Mdogo Elisha: Pasiwe na ngazi wala bei za kutisha. Kule Galilaya mlinilipisha hela ya mbuzi kwa sato mmoja.

Neema: Samaki wa Petro baba mdogo 😂

Baba Mdogo Elisha: Sato. Mtu wa Mwanza mzima nimepanda ndege mbili kwenda kula sato wa bwawani.

Mama Gadi: Tutukane tu shemeji, sisi huku Mwaloni tunamnunua kila siku na hatupigi naye picha.

Neema: Haya, mimi nimeona mahali. Panaitwa Port Said, nyuma ya Sinagogi Kuu, mtaa wa Allenby. Meza ziko nje, wanapiga santuri, sahani ndogondogo za kushiriki. Ni ya yule mpishi Eyal Shani, wa koliflawa nzima ya kuoka.

Baba Mdogo Elisha: Koliflawa nzima ya nini?

Neema: Inachemshwa, inapakwa mafuta ya zeituni, inaingia tanuri hadi iungue kidogo juu. Unaimega kwa mkono.

Baba Mdogo Elisha: Nimemaliza sifanyi maswali tena.

Gadi (Moro): Shikamooni. Ngojeni kwanza kabla hamjapanga. Mmekumbuka leo ni Ijumaa?

Neema: Kwani?

Gadi (Moro): Kwani Shabati, sabato ya Wayahudi. Nilipokuwa Arava, kule jangwani kusini, kwa mafunzo ya kilimo, Ijumaa mchana ukichelewa dukani unalala na biskuti. Tel Aviv ni afadhali kuliko Yerusalemu, lakini karibu kila mgahawa wenye cheti cha kosha ukutani, yaani unafuata sheria za Kiyahudi za chakula, unafunga leo mchana hadi kesho jua lizame. Vibanda vya falafeli, vile vidonge vya dengu vya kukaanga, karibu vyote. Shawarma ileile. Treni ya mjini na mabasi ya kawaida navyo vinasimama jioni.

Shangazi Foibe: Na ndivyo inavyotakiwa. Nyie ndio mmesahau mna Msabato humu.

Neema: Uuuuwi. Shangazi samahani.

Shangazi Foibe: Kula nitakula. Kununua baada ya jua kuzama, hapana. Meza ilipwe kabla.

Neema: Jua linazama saa ngapi?

Gadi (Moro): Mwezi huu wa tano ni kama saa moja u nusu. Kaeni mezani saa 11, saa moja bili imeshalipwa.

Baba Mdogo Elisha: Chakula cha jioni saa 11, kama wodini.

Neema: Na Salum yuko wapi? Tangu asubuhi hajaandika.

Shemeji Salum: Nipo Yafa, upande wa kusini wa jiji. Nimetoka swala ya Ijumaa, msikiti wa Mahmudia hapa karibu na mnara wa saa. Sasa nimepanga foleni kwa Abu Hassan, mgahawa wa hummus, zile dengu za kupondwa na ufuta. Kaka mmoja kanisukuma mgongoni huku anachungulia simu yangu 😅

Gadi (Moro): ABU HASSAN. Chukua masabaha, si hummus ya kawaida.

Shemeji Salum: Nimechukua hiyohiyo. Basi sikilizeni. Ni dengu za moto, nyingine zimepondwa na nyingine nzima, zinaelea kwenye uji wa ufuta. Pembeni mkate wa pita, kitunguu kibichi kimekatwa vipande vinene, na kibakuli cha maji ya ndimu, kitunguu saumu na pilipili mbuzi sijui. Mzee wa meza ya pili kaniona nahangaika na uma, kaninyooshea kidole. Unabandua ganda moja la kitunguu, linakuwa kijiko. Unachota, unakula kijiko chenyewe.

Mama Gadi: Na mdomo huo uje unisalimie mimi.

Kulwa: 💀

Neema: Si tule hapohapo basi jioni?

Shemeji Salum: Wanafunga mapema, sufuria ikiisha wamemaliza. Sasa hivi kijana ameanza kupandisha viti juu ya meza na watu bado wanatafuna. Kesho Jumamosi hawafungui.

Mama Gadi: Swali la mtu wa mbali. Hicho anachokula Salum ni cha Waarabu. Nyie si mlisema mnataka chakula cha Kiisraeli?

Gadi (Moro): Mama, ukitaka chakula ambacho hakikutoka kwingine utalala njaa. Hummus na falafeli wamevikuta kwa Waarabu wa hapahapa na majirani. Shakshuka, yale mayai ndani ya nyanya, ilikuja na Wayahudi wa Tunisia na Libya. Jakhnuni, mkate wa kuviringishwa, ni ya Yemen. Shnitseli, nyama bapa ya kukaanga, ni ya Ulaya, siku hizi wanaitia ndani ya pita pamoja na hummus. Vyote vimekalia meza moja na vinagombana nani ana haki ya nani.

Shemeji Salum: Na anayekupikia Yafa atakwambia ni cha babu yake, tena kwa haki.

Neema: Tusiende huko sasa hivi, nina njaa. Kulwa twende ule mtaa wa Dizengoff kona ya Frishman kabla hawajafunga, nataka kuonja sabichi, ile pita ya biringanya na yai.

Saa 8:50 mchana

Neema: Tumepata!! Tulikuwa karibu wa mwisho. Biringanya ya kukaanga imelainika mpaka haina mfupa, yai la kuchemsha, kachumbari, ufuta, halafu muuzaji kaniuliza kitu nikaitikia tu. Kamwaga rojo la njano. Jamani ni ACHARI YA EMBE.

Shemeji Salum: Achari kabisa?

Neema: Kabisa. Ile ya kwenu Tanga, ila laini, ina uwatu mwingi. Mkono unanuka hadi sasa.

Gadi (Moro): Inaitwa amba. Wayahudi wa Iraki ndio waliileta, nao Iraki iliwafikia kutoka India. Na hiyo sabichi yenyewe ilikuwa kifungua kinywa chao cha Jumamosi. Biringanya na mayai vinapikwa Ijumaa, kesho vinaliwa bila kuwasha moto.

Shangazi Foibe: Siku ya maandalio. Mwaona? Na mimi nikiwapikia viporo vya Ijumaa mnanuna.

Kulwa: Viporo vya shangazi havina achari

Shangazi Foibe: Kulwa nakuja hapo.

Baba Mdogo Elisha: Imewagharimu ngapi?

Neema: Kama shekeli 30. Elfu ishirini na kitu.

Baba Mdogo Elisha: Mkate na yai.

Saa 9:20 alasiri

Shemeji Salum: Nimeshuka bandarini. Kuna migahawa ya samaki ya Waarabu, leo na kesho wako wazi, hawana habari ya kufunga. Nimeingia mmoja nikakaa kama mteja nichunguze. Mnasikia? Ukikaa tu, hata hujaomba, jamaa anakuja na sinia la vibakuli. Nimehesabu nikachoka. Hummus, biringanya za aina tatu, karoti yenye bizari, viazi sukari vyekundu, kabichi nyekundu, maziwa mgando mazito yenye mafuta ya zeituni, kachumbari, falafeli za moto, mikate mikubwa imefura kama mto. Na jagi la maji ya ndimu na nanaa. Vikiisha wanajaza tena.

Baba Mdogo Elisha: Wanajaza tena kwa hela?

Shemeji Salum: Bure. Unalipia chakula kikuu tu: samaki, mishikaki au kababu.

Baba Mdogo Elisha: Sasa tukiagiza vibakuli tu bila samaki?

Shemeji Salum: Nilijua utauliza baba mdogo, nikauliza kwa niaba yako. Vibakuli peke yake vina bei yake kwa kila kichwa. Samaki anaanzia shekeli 100 kupanda.

Baba Mdogo Elisha: Elfu sabini na zaidi. Ongea nao.

Neema: Baba mdogo huyo si machinga wa Makoroboi 😂

Shangazi Foibe: Ngazi?

Shemeji Salum: Hakuna. Bandari yote tambarare. Ila teksi isiwashushe juu mji mkongwe, kule ni ngazi mtupu na mawe yanateleza. Iwashushe geti la bandari.

Shangazi Foibe: Yafa si ndiko Petro alikokaa kwa Simoni mtengenezaji wa ngozi?

Gadi (Moro): Huko huko shangazi. Nyumba wanayoionyesha iko karibu na mnara wa taa, utaiona kwa nje tu.

Shangazi Foibe: Inatosha. Na Yona alipandia meli hapo. Mimi nimeshachagua.

Baba Mdogo Elisha: Na ndiko Petro alikoteremshiwa shuka lenye wanyama wa kila namna, akaambiwa ale. Kwa hiyo leo naagiza kamba, hao wakubwa.

Shangazi Foibe: Elisha, lile shuka lilihusu watu, halikuhusu kamba. Soma sura mpaka mwisho.

Mama Gadi: 🤣🤣 Mmeanza. Miaka thelathini huo mjadala.

Shemeji Salum: Mimi samaki hana mjadala. Nyama ya hapa nayo ni halali, mwenye mgahawa Muislamu.

Neema: Na chai ya maziwa kwa wanaojijua?

Gadi (Moro): Kwenye mgahawa wa kosha wa nyama baba mdogo asingeipata. Maziwa na nyama havikai jiko moja, hata kahawa wanakuletea kavu. Hapo bandarini si kosha, aombe tu.

Baba Mdogo Elisha: Basi hapo hapo. Wekeni meza.

Kulwa: Kuna chipsi?

Shemeji Salum: Zipo. Nimeshaweka meza ya watu watano, saa 11, karibu na maji. Nimemwambia tuna mama anafunga hesabu kabla ya jua kuzama. Kanijibu leo hata yeye ana wateja Wayahudi wa namna hiyo, wanalipia mapema.

Shangazi Foibe: Mungu ambariki.

Mama Gadi: Na usalama huko? Kila nikiwasha taarifa ya habari roho inaniruka.

Neema: Leo pametulia mama mdogo. Hoteli ilituonyesha chumba cha kujikinga tangu siku ya kwanza, tunakijua. Ufukweni watu wanacheza mpira na mbwa wao.

Neema: Kwenda teksi moja ya watu wanne tugawane. Kurudi je? Gadi umesema mabasi yanasimama, na teksi Ijumaa usiku wanapandisha.

Gadi (Moro): Kuna mabasi ya wikendi ya halmashauri ya jiji, walianzisha 2019. Yanapita Ijumaa usiku na Jumamosi, na ni ya bure.

Baba Mdogo Elisha: Rudia hapo mwisho.

Gadi (Moro): BURE. Shangazi hatagusa hela hata kidogo.

Shangazi Foibe: Haya, hapo umesoma kilimo kweli.

Gadi (Moro): Wenye miguu warudi kwa njia ya ufukweni, haina ngazi wala magari. Zamani Ijumaa jioni kulikuwa na vijana wanapiga ngoma njiani, sehemu ya Dolphinarium, mpaka jua linazama.

Saa 12:50 jioni

Neema: 📷 Picha
Neema: 📷 Picha

Mama Gadi: Meza haionekani kwa vibakuli!

Neema: Baba mdogo amejaziwa biringanya mara tatu. Mhudumu sasa hamuulizi, anaweka tu.

Kulwa: Halafu ndiye aliyeagiza samaki mkubwa kuliko wote

Baba Mdogo Elisha: Huyu denisi ana nyama ngumu nzuri kama changu. Hana uhusiano na yule wa Galilaya.

Mama Gadi: Na kamba?

Baba Mdogo Elisha: Nimemheshimu dada yangu.

Shangazi Foibe: Ameangalia bei.

Shemeji Salum: Bili imekuja. Huduma haimo, hapa wanaacha kama asilimia 12. Nimeweka kila kitu kwenye kadi yangu saa hii, jua bado liko juu ya maji. Shangazi ushahidi huo.

Shangazi Foibe: Nimeliona. Asante mwanangu.

Neema: Hesabu yote ni shekeli 640 pamoja na bahshishi. Kila mtu mzima 160, Kulwa nambeba mimi. Mtumieni Salum kwa M-Pesa tukifika nyumbani. Shangazi wewe Jumapili.

Baba Mdogo Elisha: Ile chai ya maziwa imo humo kwenye 640?

Shemeji Salum: Chai mwenye mgahawa amekupa zawadi baba mdogo.

Baba Mdogo Elisha: Mwambie aongeze nyingine.