Mrejesho: tulilala Mbita badala ya Mombasa

Niliuliza familia ya watu watano kutoka Nakuru ilale wapi ufukweni bila kuuza ng'ombe, mkaniambia niachane na Mombasa nijaribu Ziwa Victoria. Tumerudi jana. Tulivuka na feri kutoka Luanda Kotieno hadi Mbita, mji ulio ufukweni mwa ziwa hilo, na kusema kweli watoto wangeridhika na hiyo feri tu.

Chumba cha familia hotelini kilikuwa shilingi 7,000 kwa usiku, pamoja na chai, mayai na mandazi asubuhi. Si kikubwa, mdogo alilalia godoro chini, lakini neti zote zilikuwa nzima.

Aliyenionya kuhusu kichocho kwenye maji ya ziwa, asante sana. Watoto walicheza mchangani, kuogelea kukawa kwenye bwawa la hoteli. Usiku mlinzi alitukataza kwenda majini kwa sababu viboko hutoka kula nyasi. Kitinda mimba aliwasikia wakikoroma, akadhani ni mimi.

Lalamiko langu ni moja: samaki aina ya ngege (tilapia) tuliyemwagiza saa saba alifika saa tisa. Ila alikuja mzima, amezama kwenye mchuzi wa nyanya, na mama watoto alimaliza hadi kichwa. Kesho yake tuliagiza chakula cha mchana tukiwa bado tunakunywa chai.