Mke wangu kaambiwa "kula mlo kamili" tangu mimba ya miezi minne. Sasa wingi wa damu ni 7.6! Hizi kliniki za wajawazito zinafanya nini hasa?

Wakuu, uzi ni mrefu na nina hasira, mwenye haraka apite tu. Mods, nawaomba msiuhamishie jukwaa la mapishi, maana nawajua.

Mimi ni mwalimu wa sekondari mkoani Njombe, nafundisha Baiolojia. Kila mwaka nasimama mbele ya kidato cha pili, nachora chembe nyekundu ya damu ubaoni, naeleza kwamba bila madini ya chuma hakuna himoglobini na bila himoglobini oksijeni haifiki popote. Watoto wanaandika, mtihani unakuja, wanafaulu. Nyumbani kwangu mimba ina miezi saba, mke wangu anapanda ngazi tatu za mlangoni huku ameshika ukuta, na mimi mwalimu nasema "ni uzito wa mimba huo". Kwa hiyo msinianze kwa hilo, nimeshajitukana vya kutosha.

Siku ya kwanza kliniki tulienda wote wawili, mwezi wa sita. Kituo sikitaji. Utaratibu wa pale, anayekuja na mume anatangulizwa, basi tukapita mbele ya akina mama waliofika tangu saa 12 asubuhi na baridi ile ya Juni, nikajiona mume wa mfano. Tukapimwa VVU na kaswende. Akapimwa uzito, urefu, presha, tumbo likapimwa kwa utepe. Hapo sina ugomvi. Ikafika zamu ya wingi wa damu, nesi akasema vitendanishi vimeisha, mtapima siku nyingine. Kwenye kadi, pale pa kuandika wingi wa damu, akachora kistari.

Kistari cha Juni. Julai kikaja kistari. Agosti kistari. Ukifungua ile kadi utadhani mtu alikuwa anajifunza kutumia rula.

Kuhusu chakula, ushauri wote naweza kuuandika hapa neno kwa neno kwa sababu ulikuwa mfupi: "Mama, ule mlo kamili, mbogamboga na matunda. Anayefuata!" Kidole kimeelekezwa kwenye bango ukutani. Kwenye bango kuna samaki mzima, maziwa, mayai, nyama, na zabibu. Zabibu, wakuu. Njombe.

Hakuna aliyemuuliza: mama, jana ulikula nini? Swali moja tu! Angeulizwa angesema asubuhi chai ya rangi na viazi, mchana ugali na mnafu, jioni ugali na maharage, halafu chai tena kwa sababu ya baridi. Usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, siku ya gulio. Nyama mshahara ukitoka. Mayai hali kabisa, mama yake mzazi alimwambia mtoto atazaliwa hana nywele, na kuku tunao wanaotaga, mayai nakula mimi na mtoto wetu mkubwa. Angesema pia kwamba anakula udongo, ule wa vijiti unaouzwa sokoni kwenye vifuko. Hilo la udongo na mimi nimelijua wiki iliyopita. Yaani dakika tatu za maswali zingefichua mambo manne ya kurekebisha, na hakuna hata moja linalohitaji zabibu.

Juni alipewa FEFO, vile vidonge vya chuma na asidi ya foliki, za mwezi. Julai zimeisha, nendeni mkanunue. Nikanunua. Agosti zimeisha, nikanunua tena. Sera ya Afya ya 2007 inasema huduma za mjamzito ni bure, na kweli kistari hatukulipia.

Sasa Jumanne ya wiki iliyopita kadondoka kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Majirani wakampakia bodaboda, mmoja amemshika nyuma, hadi zahanati moja ya mtu binafsi. Wakamtoboa kidole, shilingi 5,000, dakika kumi hazikufika: 7.6. Kwa wasiojua, mjamzito akiwa chini ya 11 tayari amepungukiwa damu, chini ya 7 anahesabiwa hali mbaya. Na huyu ana miezi miwili tu ya kwenda leba, ambako mtu mwenye damu ya kutosha anaweza kumwaga damu na akapona, ila asiye nayo akimwaga kidogo tu habari yake inakuwa nyingine. Kitu cha shilingi 5,000 kilichorwa kistari miezi mitatu.

Kesho yake tukarudi kliniki na karatasi ya majibu. Nesi kaisoma, kamtazama mke wangu kuanzia kichwani hadi kwenye kandambili: "Mama wewe, huli? Mumeo mwalimu, mnakosaje hela ya mboga?" Akina mama kwenye benchi wote wakageuka. Mke wangu akainamisha kichwa, akaanza kukunja ncha ya khanga yake, anaikunja anaikunjua. Hapo ndipo nilipoamua nitaandika.

Kwa sababu mboga anakula! Anakula mnafu kuliko mbuzi. Ila chuma cha kwenye majani mwili haukichukui kirahisi kama cha kwenye nyama au dagaa, na ukishushia chai ndiyo umekibania mlango zaidi. Hicho ndicho kitu cha kumwambia mtu, siyo kumsuta mbele ya watu hamsini.

Haya, sehemu ya aibu. Tumefika nyumbani, natafuta kadi ya bima ya mtoto juu ya kabati, nakutana na kopo la maziwa ya unga. Natikisa, linalia. Nafungua: vidonge vya FEFO, nikavihesabu, 43. Vile vya kliniki na vile nilivyonunua kwa hela yangu. Nilimuuliza kwa sauti ambayo jirani aliisikia. Akanyamaza kwanza, halafu akasema: "Nikivimeza natapika. Na choo kinatoka cheusi kama lami. Nikajua vinaniharibu ndani, nikaogopa mtoto."

Wakuu, nilikaa chini.

Choo cheusi ni kawaida kwa anayemeza vidonge vya chuma. Imeandikwa kila mahali, mimi mwenyewe naijua. Hakuna aliyemwambia, na mimi sikumwambia. Siku chache alizojikaza kumeza alimezea chai ya rangi, saa moja asubuhi, tumbo tupu. Na angeenda kumuuliza nani? Yule wa "anayefuata"?

Aliyetuokoa ni binti mmoja mwanafunzi wa uuguzi aliyekuwa pale kwa mazoezi. Alitufuata nje baada ya lile tukio, akakaa na mke wangu chini ya mti wa parachichi. Akamwambia: dada, meza usiku ukienda kulala, kichefuchefu kitakukuta usingizini. Mezea maji, ukipata chungwa au limau ndiyo vizuri zaidi. Chai kaa nayo mbali saa moja au mbili kabla na baada ya kula. Choo kitakuwa cheusi, usishtuke. Udongo acha, unanyonya chuma chako. Yai kula, mimi mama yangu alikula na nywele hizi hapa. Mke wangu akacheka kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Sikutazama saa lakini haikuzidi dakika tano. Hizo dakika tano ndizo tulizozikosa tangu Juni!

Najua kuna manesi humu watakuja juu. Nimeona kwa macho: manesi wawili, akina mama zaidi ya hamsini, na rundo la madaftari ya MTUHA, yale ya takwimu za huduma za afya, ya kujaza ambalo linataka mtu wake peke yake. Sijasema nesi ni mchawi. Nasema kwamba lishe ya mjamzito imefanywa mahubiri. Presha ina mashine yake, VVU ina kipimo chake na daftari lake, na kipimo cha VVU sijawahi kusikia kimeisha. Ya lishe ina bango.

Na msidhani ni mke wangu peke yake. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta asilimia 57 ya wajawazito nchini wana upungufu wa damu. Zaidi ya nusu! Ule wa 2022 ukakuta watoto wadumavu Njombe ni nusu, Iringa ndiyo wamevuka nusu, wakati taifa zima ni asilimia 30. Sisi, mikoa inayolisha nchi. Malori ya viazi na parachichi yanapita mbele ya kituo hicho hicho kutwa nzima. Kila mkutano viongozi wanauliza kwa nini tuna chakula na watoto wanadumaa, kana kwamba mtoto anaanza kudumaa siku akipewa uji. Anaanzia tumboni kwa mama ambaye damu yake ni kistari.

Halafu ile hela ya lishe. Halmashauri zinatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kwa mwaka, na wakuu wa mikoa wamesaini mkataba wa lishe mbele ya Rais. Vizuri. Lakini angalieni hesabu yenyewe inaanza na nani: mtoto aliyekwisha kuzaliwa. Kijijini kwetu nilichoona ni Siku ya Afya na Lishe, sufuria la uji, hotuba, picha. Afisa lishe nimemwona siku hiyo. Kliniki ya wajawazito ni kila wiki, pale sijawahi kumwona.

Jambo jingine linalonichoma ni asidi ya foliki. Uti wa mgongo wa mtoto unafunga ndani ya siku 28 tangu mimba itungwe, wakati wengi hawajajua hata kama wana mimba. Kidonge kinachotolewa mwezi wa nne kwa ajili ya kuzuia mgongo wazi kimekuta mlango umeshafungwa. Kinasaidia damu, ndiyo, ila somo la foliki lilipaswa kutolewa kabla, na mahali pa kulitolea hatuna. Labda darasani kwangu. Nimeanza jana, mtaala utanisamehe.

Na hii ndiyo ya mwisho kabla sijapasuka. Mwaka 2007 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa wa vitamini kwa wajawazito, zaidi ya wanawake 8,000. Waliopewa vitamini nyingine juu ya chuma na foliki walijifungua watoto wachache zaidi wenye uzito pungufu. Mnajua ulifanyika wapi? Dar es Salaam! Dada zetu na shangazi zetu walipanga foleni, wakatoa damu, dunia ikajifunza. Mwaka 2021 kidonge chenye vitamini na madini 15 kikaingizwa na Shirika la Afya Duniani kwenye orodha ya dawa muhimu. Mke wangu mwaka huu, umbali wa siku moja kwa basi kutoka Dar, kakosa kliniki hata FEFO ya kawaida.

NYONGEZA, saa 3 usiku: Nimesoma michango. Anayesema "mwanaume kazi yako ni kuleta hela, mambo ya kliniki waachie wanawake", hela nilileta na kuleta, na vidonge 43 vikakaa kwenye kopo. Mnaopendekeza juisi ya rozela na bitruti, ahsanteni, atakunywa, lakini vidonge havirudi kwenye kopo. Aliyeuliza kama nimelalamika kwa mganga mkuu wa wilaya: barua nimeandika, nimeambatisha nakala ya kadi yenye vistari vitatu.

Usiku wa sita leo anameza, analalamikia limau. Jana kala yai, akaniambia likitoka lipara tutalipeleka kwa bibi yake akalilee. Alhamisi ijayo tunarudi kupima. Kama vitendanishi vimeisha tena, 5,000 ya ile zahanati nimeshaiweka pembeni, na kadi nitaishika mimi mwenyewe mkononi, hakichorwi kistari cha nne.