Kutrimu paneli za ABS: kingo zinayeyuka na vipimo vinagoma

Paneli_Tupu:
Wakuu habari za mihangaiko. Karakana yetu inatengeneza paneli za ndani za mabasi, tunapasha shiti ya ABS (aina ya plastiki ngumu) ya 4mm tunaivuta kwa vakyumu juu ya moldi, hapo hamna shida paneli inatoka safi kabisa. Shughuli iko kwenye kutrimu, yaani kukata kingo za ziada. Tunatumia ruta ndogo ya mkono (mashine ya kukatia kwa biti inayozunguka) na biti yake ya mbao ya meno mawili, spidi ya mizunguko 30,000 kwa dakika, sasa plastiki badala ya kukatika inayeyuka, maranda yanagandia kwenye biti na mstari nilioukata unajifunga tena nyuma yangu. Halafu kingine, paneli za moldi moja, zote nimekata kwa kiolezo kimoja, kesho yake nikizipima moja ina 900mm nyingine 897mm. Nani ananichezea hapa?

Maranda:
Mkuu mchawi ni hiyo biti. Elfu 30 mara meno mawili ni mikato 60,000 kwa dakika, na wewe ukisukuma taratibu sentimita moja kwa sekunde kila jino linapata 0.01mm, hapo hukati unasugua tu. ABS inalegea kwenye nyuzijoto 100 na kitu, kwa msuguano huo unafika huko fasta. Tafuta biti ya jino moja ya plastiki, shusha spidi mpaka elfu 18 na utembee sentimita tatu kwa sekunde bila kusitasita, jino litang'ata 0.1mm na utaona maranda ya kweli yanaruka. Puliza hewa ya kompresa pale pale biti inapokata ili maranda yasirudi kwenye mstari.

kata_mbuga:
Kwani msipeleke kwenye leza tu mmalizane

Maranda:
@kata_mbuga leza za meza zinataka kitu bapa, paneli yenye mikunjo utaiwekaje? Na ABS ina moshi mchafu na kingo zinabaki zimeyeyuka vile vile. Akriliki sawa, inatoka inang'aa. Ila mtu akikuletea plastiki ya PVC umkatalie hata kama ni shemeji yako, ikiungua inatoa hidrojeni kloridi, ikikutana na unyevu ni asidi, inakula mashine na mapafu ya anayeiendesha.

BodiNaRangi:
Hiyo ya 900 na 897 mnakata zingine zikiwa bado za moto. ABS ya urefu wa mita moja inasinyaa karibu 0.9mm kwa kila nyuzi 10 inazopoa. Ukikata paneli ikiwa na nyuzi 65 halafu ikashuka mpaka 30, imekula karibu 3mm. Bila shaka ile ya 900 ndo iliyokaa pembeni mkiwa mnakunywa chai 😂 Ziacheni zote zipoe kabisa kwenye raki inayobeba umbo lake, zikilazwa ovyo zinapinda.
Na jigi ya kutrimia (kishikilio cha paneli wakati wa kukata) msitumie moldi yenyewe, moldi ni kubwa kuliko paneli iliyopoa kwa sababu hiyo hiyo ya kusinyaa, paneli haitakaa vizuri, itatetemeka, na ikitetemeka kingo zinamenyeka. Nakilini umbo la paneli iliyopoa kwa faiba (fiberglass), mfanye hiyo ndo jigi.

Paneli_Tupu:
Ahsanteni sana, ya chai ni kweli kabisa 😂 Swali la mwisho, matundu ya swichi nakata mraba kwa jigso, basi likitembea wiki mbili tatu kona zinapasuka, ufa unaenda mpaka ukingoni.

BodiNaRangi:
Kona kali ndo inaanzisha ufa, na basi halikosi kutetemeka. Toboa kwanza kona zote nne na drili ya 6mm, kisha kata kutoka tundu hadi tundu, kona ibaki ya duara. Alama za meno ya jigso zimalize na tupa halafu msasa, maana kila mkwaruzo pale ni mwanzo wa ufa mwingine. Swichi nyingi zina fremu inayofunika kona hizo, abiria hataona kitu.