Shela linaungua juani, uso unabaki giza. Nifanyeje?

Kijana wa Tanga: Habari zenu wakuu. Napiga picha za harusi, na Jumamosi ijayo nina kazi ufukweni Pangani, saa tisa alasiri. Tatizo ni lilelile: nikipima mwanga usoni kwa bibi harusi, shela linaungua, yaani linatoka jeupe tupu, lesi yote inapotea. Nikipima shela, uso unazama. Napiga JPEG, faili ambayo kamera imeshaichakata na kuibana. Shela hili mama yake kalishona kwa mkono, lazima lesi ionekane. Naombeni ushauri.

Lenzi Pwani: Mkuu, hamia RAW leo hii, yaani faili ghafi ambayo kamera haijaichakata. JPEG ina ngazi 256 tu kwa kila rangi, RAW ya biti 14 ina zaidi ya 16,000. Halafu pima kwa ajili ya shela. Giza utalinyanyua kwenye kompyuta, ila cheupe kilichoungua hakirudi, maana sensa, kile kipande cha kamera kinachopokea mwanga, ikishajaa haina ilichohifadhi pale. Washa lile onyo la kioo linalopepesa sehemu zilizoungua. Likipepesa kwenye lesi, shusha eksposha (kiasi cha mwanga wa picha) theluthi mbili ya stopu (stopu moja ni mwanga kuzidi mara mbili au kupungua nusu), piga tena. Likipepesa kwenye hereni au mmeto wa maji, achana nalo.

Mama Studio: Hapo kwenye kunyanyua giza sikubaliani sana. Ngozi zetu ukizinyanyua stopu tatu zinatoka chengachenga, rangi ya majivu, na hakuna bibi harusi anayestahili hivyo. Mwanangu, watoe juani. Wapeleke kivulini, nyuso zitazame mbingu wazi. Au sogezeni picha hadi saa kumi na moja.

Kijana wa Tanga: Shikamoo mama, asante. Ratiba familia wameshapitisha, haibadiliki. Flashi ninayo moja, ila nikiiwasha kasi ya shata haivuki 1/200 ya sekunde.

Fundi Mwanga: 1/200 inatosha kabisa. Bahari ya Pangani iko mashariki, kwa hiyo alasiri ukitaka maji nyuma yao, jua linawachapa usoni. Geuza: wewe simama upande wa maji, wao minazi iwe nyuma yao. Jua litawapiga mgongoni, mbele ya shela pawe kivuli. Weka ISO 100 (wepesi wa kamera kwa mwanga), f/11 (tundu la lenzi), shata 1/200. Kwa jua kali hapo hata ukingo wa shela uliopigwa na jua hauungui. Flashi isizidi mita mbili, kichwa chake ukiinue kidogo ili mwanga uangukie usoni, shela lipate mabaki.

Lenzi Pwani: Hiyo ya kugeuza nimeipenda. Nyongeza: angalia histogramu, ile grafu ya mwanga kwenye kioo cha kamera, ya kila rangi peke yake. Maua mekundu huunguza nyekundu mapema wakati ile ya jumla inaonyesha salama.

Mama Studio: Marahaba. Basi kesho saa tisa msimamishe mtu mwenye kanzu nyeupe juani, upige, ukuze picha kwenye tarizi ya shingoni. Nyuzi zikionekana mojamoja, mipangilio hiyohiyo nenda nayo Jumamosi.